Kalenda ya Kinshasa, Mvua ya Bunia

Mwezi wa saba Kinshasa ni kiangazi. Mvua hukatika huko kuanzia Juni hadi Septemba, na likizo kubwa ya shule na vyuo vya nchi nzima imewekwa ndani ya miezi hiyo, ikienda sambamba na desturi ya Ulaya ya kupumzika Julai na Agosti. Bunia haimo katika hesabu hiyo. Mji wetu uko kaskazini ya ikweta, kwenye nyanda za juu zinazopita mita 1,200, na kiangazi chake ni Desemba, Januari na Februari. Agosti, Septemba na Oktoba ni miezi ya mvua nzito. Barabara ya Mahagi hugeuka tope, na familia za Djugu na Irumu huwa shambani na mazao ya msimu wa pili. Hapo ndipo mwanafunzi wa chuo huambiwa aende nyumbani apumzike, kisha arudi mwezi wa kumi na makuta ya minervali, yaani ada ya chuo, mkononi.

Bunia ina Chuo Kikuu cha serikali, ina Chuo Kikuu cha Shalom kilichokua kutoka shule ya theolojia ya makanisa ya Kiprotestanti, ina taasisi ya ualimu ya ISP, na ina vyuo vya uuguzi na ufundi wa tiba. Taasisi hizi za ualimu na tiba ndizo zinazofanya kazi ambayo Marekani hufanywa na vyuo vya jumuiya: huchukua vijana wa papo hapo, wengi wao kutoka nyumba zisizo na akiba, na kuwatoa wakiwa walimu, wauguzi, wakunga na wapimaji wa maabara. Swali la makala haya ni kama mwaka wao wa masomo umepangwa kwa faida yao. Naamini haukupangwa hivyo, na mvua ni sehemu ndogo ya ubaya wake. Ubaya mkubwa ni kwamba mwaka wote umefanywa kuwa kitu kimoja kizima: ukiupata umeupata wote, ukikatika umeupoteza wote. Katika mkoa ambao mwaka hukatika mara kwa mara, mpango wa namna hiyo unamwadhibu kijana kwa makosa yasiyo yake.

Wacongomani tuna jina la zamani la jambo hili. Tunasema mwaka mnyumbufu, mwaka wa mpira. Tumekuwa nao tangu miaka ya 1990. Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika kampasi ya Lubumbashi. Septemba 1991 na Januari 1993 miji iliporwa na wanajeshi wasiolipwa. Mwaka 1996 vita vikaanza, 1998 vikaanza tena. Maprofesa waligoma kwa sababu mishahara ilikuwa haitoshi hata nauli ya kufika darasani. Mwaka wa masomo uliofunguliwa Oktoba uliweza kufungwa baada ya miezi kumi na minane, na kijana aliyeingia gradua, shahada ya kwanza ya miaka mitatu, akatoka baada ya mitano bila kuwahi kushindwa mtihani hata mmoja.

Ituri ilipata sehemu yake na kuzidi. Vita vya 1999 hadi 2003 vilifika katikati ya Bunia penyewe, hata Umoja wa Ulaya ukatuma askari wa operesheni Artemis Juni 2003. Septemba 2002 hospitali ya Nyankunde, iliyokuwa moyo wa mafunzo ya tiba katika eneo letu, ilishambuliwa, na waliosalimika walitembea kwa miguu hadi Oicha. Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika Kivu Kaskazini na kuingia Ituri; ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Kabla haijaisha, Korona ilikuwa imekwisha kufunga shule na vyuo vya nchi nzima tangu Machi 2020. Vilifunguliwa, vikafungwa tena Desemba, vikafunguliwa Februari 2021. Mei mwaka huo huo hali ya kuzingirwa ikatangazwa, na mkoa ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wakati wote huo mashambulizi ya wanamgambo wa CODECO katika Djugu na ya waasi wa ADF katika Irumu na Mambasa yaliendelea kuwatoa watu vijijini, hadi waliohama makwao Ituri wakapita milioni moja.

Nayataja haya yote kwa sababu wasimamizi wa vyuo huyazungumzia kama ajali, kana kwamba mwaka wa kawaida upo mahali fulani na utarudi. Kijana wa Bunia mwenye miaka ishirini na miwili leo hajawahi kuuona mwaka huo. Kwetu kukatizwa ndiko kawaida, na kalenda inayodhani kwamba hakutatokea kitu kuanzia Oktoba hadi Julai imeandikwa kwa ajili ya mji mwingine.

Mfumo mpya ulipaswa kutuponya. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2021–2022, chini ya waziri Muhindo Nzangi, vyuo vyote vya Kongo viliamriwa kuingia katika LMD: licence ya miaka mitatu, masteri ya miwili, kisha udaktari. Badala ya gradua na licence za zamani ikaja hesabu ya krediti, 30 kwa muhula na 60 kwa mwaka. Mfumo huu wa krediti ulitufikia kutoka Ulaya, kupitia mchakato ulioanzia Bologna mwaka 1999, na kiini chake ni haki moja tu: krediti ukiisha kuipata ni yako. Huwezi kunyang'anywa kwa sababu ulishindwa somo jingine, wala kwa sababu ulihama mji. Haki hiyo peke yake ingetosha kuua mwaka wa mpira.

Lakini haki hiyo haina nguvu kama mitihani yote imerundikwa mwishoni. Krediti hupatikana siku matokeo yanapotangazwa. Ikiwa masomo kumi yamefunguliwa pamoja mwezi wa kumi na moja na hakuna hata moja lililofungwa kufikia mwezi wa pili, basi mwanafunzi anayekimbia mwezi huo wa pili anakimbia na sifuri. Tuliona jambo hili Goma. Mji ulipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, masomo yalisimama na wanafunzi wakatawanyika. Aliyekuwa na karatasi ya alama za masomo yaliyokwisha aliweza kubisha hodi kwenye chuo kingine akiwa na kitu mkononi. Aliyekuwa na madaftari tu alianza upya. Kiasi cha kusoma cha hao wawili huenda kilikuwa sawa. Kilichowatenganisha ni tarehe ya mtihani.

Kwa hiyo badiliko la kwanza ninalolitetea ni kuuvunja mwaka vipande vinne vya wiki nane, kila kimoja na masomo machache, kila kimoja kikifungwa kwa mtihani, kusahihishwa na kutangazwa kabla kingine hakijaanza. Krediti 15 kwa kipande. Atakayepatwa na msiba, vita au ugonjwa katika kipande kimoja atakuwa amepoteza robo ya mwaka, na robo hiyo ataifidia. Robo tatu zilizobaki ni zake.

Jambo hili halikubuniwa Bunia wala si la kitabuni tu. Chuo cha Odessa, kule Texas, ni chuo cha jumuiya katika nchi ya visima vya mafuta, ambako vijana wengi wanafanya kazi na kusoma kwa wakati mmoja. Mwaka 2014 kiliacha mihula mirefu kikaingia katika vipindi vya wiki nane. Mwanafunzi aliyekuwa akibeba masomo manne au matano kwa pamoja akawa anabeba mawili, anayamaliza, kisha anachukua mawili mengine. Chuo kiliripoti kwamba wanaofaulu waliongezeka, na vyuo vingine vya Texas, Amarillo mojawapo, vilifuata njia hiyo. California nako vyuo vingi vya jumuiya vilipunguza muhula wa wiki 18 hadi 16 ili kupata nafasi ya kipindi kifupi cha Januari. Sababu walizozitoa Wamarekani zingeeleweka vizuri katika mtaa wowote wa Bunia: mtoto anaugua, gari linaharibika, bosi anabadilisha zamu, na muhula mrefu unatoa nafasi nyingi mno za kuanguka.

Tofauti zipo, na ni lazima zisemwe. Odessa ina barabara, ina umeme, na walimu wake wanaishi hapo hapo. Huku kwetu hesabu ya saa ni kali. Kwa kipimo cha Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nyumbani. Krediti 15 kwa wiki nane, hata kwa saa 25, ni saa 375, yaani karibu saa 47 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya mtu mzima asiye na kazi nyingine. Kijana anayeendesha pikipiki ya abiria kuanzia alfajiri ili apate chakula hataiweza, na vyuo vyetu vimejaa vijana wa namna hiyo. Kalenda ya vipande itakuwa ya haki ikiwa tu itamruhusu achukue nusu ya mzigo, krediti saba au nane, alipe nusu ya ada, na amalize licence kwa miaka sita aliyoipanga mwenyewe. Miaka sita iliyopangwa ina heshima. Miaka mitano ya kungojea imewavunja moyo wengi, wasichana zaidi, kwa sababu nyumbani mtoto wa kike anayechelewa kumaliza huanza kuulizwa maswali ya ndoa.

Wapo watakaosema kwamba vipande tunavyo tayari. Ni kweli, lakini vilikuja vyenyewe, bila mpango. Bunia haina maprofesa wa kutosha, kwa hiyo masomo mengi hufundishwa na maprofesa wageni kutoka Kisangani, Kinshasa au kwingineko. Profesa anatua uwanja wa Murongo Jumapili, anaanza Jumatatu, anafundisha asubuhi hadi jioni kwa siku sita au kumi, kisha anapanda ndege. Somo la saa arobaini na tano linamezwa kwa wiki moja. Baada ya hapo wanafunzi hukaa wiki tatu bila mwalimu, wakilipa kodi ya chumba na kununua unga, wakimsubiri mwingine ambaye tarehe yake haijulikani. Naona huu ndio wizi mkubwa kabisa wa muda wa vijana wetu, na hautajwi kwa sababu hauna kelele. Hakuna mgomo, hakuna risasi; kuna ubao mtupu na tangazo kwamba profesa amechelewa.

Kalenda ya wiki nane ingewalazimu wakuu wa chuo kufanya kazi ambayo sasa wanaiacha kwa bahati: kujua mwezi wa tisa ni maprofesa gani watakuja katika kipande gani, wawili au watatu kwa pamoja, wakigawana asubuhi na mchana kwa wiki mbili mbili, huku wasaidizi walioko Bunia wakishika mazoezi kati ya ziara na ziara. Profesa asiyefika ndani ya kipande chake, somo linahamia kipande kijacho na jingine linaingia mahali pake. Mwanafunzi hasubiri. Hili linahitaji bajeti ya tiketi za ndege iliyotengwa mapema, na ndipo ugumu wote ulipo, maana tiketi hulipwa kwa minervali, na minervali haiji kwa tarehe za chuo.

Hapo tunarudi shambani. Ituri ina misimu miwili ya kilimo. Maharagwe na mahindi ya mvua za kwanza huvunwa kati ya Juni na Agosti, na ya mvua za pili kati ya Desemba na Januari. Mzazi wa Mahagi au wa Djugu huwa na fedha mara mbili kwa mwaka, na mara ya kwanza humkuta na watoto wa sekondari wanaofungua shule mwezi wa tisa. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019. Sekondari bado inalipiwa. Anapofika Oktoba ameshamaliza fedha za mavuno ya kwanza, na ya pili yangali kijani. Chuo kinamtaka alipe fungu kubwa wakati huo huo. Hawezi, na mwanawe anatolewa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu jina lake haliko katika orodha ya waliolipa. Malipo kwa vipande, mapya kila baada ya miezi miwili au mitatu, fungu zito likiwekwa Februari na jingine Julai, yangekutana na fedha pale zilipo.

Tukiichora kalenda yenyewe, ingeonekana hivi. Kipande cha kwanza kianze katikati ya Oktoba, kwa sababu matokeo ya mtihani wa taifa wa wanaomaliza sekondari hatuwezi kuyasogeza, na kiishe katikati ya Desemba. Kisha likizo kubwa, wiki sita au saba, hadi mwisho wa Januari: barabara kavu, mavuno nyumbani, Krismasi na mwaka mpya katika familia. Kipande cha pili Februari na Machi. Cha tatu kuanzia katikati ya Aprili hadi mapema Juni. Cha nne Julai na Agosti, miezi ambayo sasa vyumba vya madarasa vimefungwa. Septemba ni ya mitihani ya marudio na matokeo ya mwaka.

Anayeona ajabu likizo kubwa kuwa Januari avuke mpaka wa Aru. Arua, upande wa Uganda, wanapata mvua zile zile tunazozipata sisi, na shule za Uganda hufunga mwaka Desemba na kufungua mwezi wa pili. Familia nyingi za Aru na Mahagi zina watoto pande zote mbili na zinaijua tofauti hii vizuri kuliko wizara yoyote.

Likizo ya Januari ina faida nyingine kwa ISP, na kwangu mimi ndiyo faida ninayoipenda zaidi. Mwalimu mwanafunzi lazima afanye mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo wazi. Shule za msingi na sekondari hufunguliwa mapema Januari. Kijana wa Aru anaweza kwenda nyumbani, akafundisha wiki tatu katika shule ya tarafa yake chini ya macho ya mkuu wa shule, badala ya kugombea na wenzake mamia nafasi katika shule chache za mjini. Shule za mbali, ambazo ndizo zenye njaa ya walimu, zingempata kwa wiki chache na huenda zikampata tena akihitimu. Kwa wauguzi hesabu ni nyingine: hospitali haifungi, na zamu zao za wodini zinaweza kuenea mwaka mzima kwa makundi, kipande kimoja kundi hili, kingine lile.

Si kila somo linafaa kukatwa wiki nane. Hisabati, Kifaransa na Kiingereza vinataka muda wa kuiva kichwani. Anatomia vile vile. Masomo hayo yaachwe yaende vipande viwili mfululizo, lakini kila kipande na mtihani wake na krediti zake. Na tujihadhari na ubanaji usio na huruma. Kenya, baada ya kuupoteza mwaka 2020, iliibana mihula ya 2021 na 2022 ili irudi kwenye kalenda ya kawaida Januari 2023. Ilifanikiwa, ila wazazi walilipa karo zilizofuatana bila pumzi, na walilalamika kwa haki. Kuokoa muda kuna gharama, na kama haijasemwa italipwa na mama anayeuza sokoni.

Hoja nzito zaidi dhidi ya haya yote ni ya umoja wa taifa. Kalenda hutoka Kinshasa kila mwaka katika maagizo ya wizara ya elimu ya juu, diploma ni za taifa, na chuo kinachojitenga kinaweza kuwaumiza wahitimu wake. Naiheshimu hoja hiyo, kwani diploma ambayo wizara inaitilia shaka haimsaidii mtu. Lakini kinachotakiwa kuwa kimoja ni kipimo: krediti 60, masomo yaliyoidhinishwa, mitihani yenye kumbukumbu. Tarehe za likizo si kipimo. Nchi yenye mvua za Kinshasa na mvua za Bunia, yenye mikoa iliyo katika amani na mikoa iliyo chini ya wanajeshi, haiwezi kudai tarehe moja bila kuwatoza watu wa mbali gharama yake. Tena, mwaka rasmi wenyewe umekuwa ukisogea mara nyingi kwa migomo na fedha za serikali, kwa hiyo umoja unaolindwa ni wa karatasi.

Tunaowaomba ni hawa. Wizara iandike katika maagizo yake yajayo kwamba taasisi za Ituri zinaruhusiwa kugawa kila muhula vipande viwili vyenye krediti kamili na kuhamisha likizo kubwa. Kamati za usimamizi za ISP na za vyuo vya tiba zisingoje ruhusa kwa lile ambalo tayari liko mikononi mwao: kufunga kila somo kwa mtihani mara linapokwisha, na kumpa mwanafunzi karatasi ya alama zake ndani ya wiki mbili. Kamati za wanafunzi zidai karatasi hiyo kwa maandishi kuanzia kipindi hiki cha masomo. Na wazazi, mnapoitwa kwenye mkutano wa kupanga minervali, ulizeni kwanza tarehe za mitihani, kisha ndipo mzungumze kiasi cha fedha.